Kamera Moja ya Watu Wawili

Simu zipo mbili ndani ya nyumba, zote zinapiga picha nzuri. Sasa kwa nini mimi na mume wangu tulibishana wiki tatu nzima kuhusu kamera ndogo ya kuvuta, na mwisho tukachukua iliyotoka mwaka 2016?

Mpenzi msomaji, jaribu kumwambia rafiki yako wa ofisini kwamba unatafuta kamera. Atakuangalia kama vile umesema unatafuta redio ya kaseti. "Ya nini sasa, shosti? Simu hiyo hapo mkononi!"

Na kwa kweli dunia nzima ilifikiri hivyo hivyo. Kwa hesabu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, mwaka 2010 viwanda vyao vilisafirisha zaidi ya kamera za dijitali milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika hata milioni 8. Casio waliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018. Olympus nao wakaikabidhi biashara yao ya kamera kwa wengine mwanzoni mwa mwaka 2021. Simu ilizimeza kamera ndogo kama ilivyomeza saa, kalenda na tochi.

Halafu mambo yakageuka kidogo. Kwenye miaka hii ya 2020 vijana wa TikTok wamezirudia zile kamera za mfukoni, hasa kwa sababu picha zake hazifanani na za simu. Canon PowerShot G7 X Mark III, kamera ya mwaka 2019, ilisakwa mpaka ikawa adimu madukani. Kwa hiyo ukitafuta kamera leo unakutana na mambo mawili kwa pamoja: mpya ni chache, na za zamani hazishuki bei kama ungetarajia. Ndiyo maana nasema hili si jambo la kuingia dukani kichwa kichwa, hasa kama hela ni ya wawili.

KWA NINI HATUKUBAKI NA SIMU

Ngoja niwaeleze kilichotufikisha huko. Kamera yetu ya zamani ilikuwa ya mwaka 2009, megapikseli 10, zumu ya mara 10. Ilikuwa ya mume wangu toka enzi za uchumba. Imetusindikiza fungate Zanzibar, ubatizo wa binti yetu, Krismasi zote za Upareni kwao. Mwaka juzi, kwenye send-off ya mdogo wangu, lenzi ikatoka nusu, ikalia krrr, ikagoma kurudi. Fundi akatuambia ukweli: vumbi limeingia ndani na gia za lenzi zimekwisha. Kuitengeneza kunazidi thamani yake.

Mimi nikasema basi, tumalizane na simu. Mume wangu akanyamaza. Ukiona mwanaume wa Kipare amenyamaza kwenye mazungumzo ya hela, ujue kuna jambo zito.

Jambo lenyewe lilikuwa baba mkwe wangu. Mzee alikuwa wa kizazi kile ambacho picha ilikuwa tukio la studio: unavaa koti, unasimama wima, hucheki. Ukimwelekezea simu tu, anakaza uso kama yuko gwaride. Simu zetu zina picha zake kadhaa, na zote ni za mtu mkali ambaye sisi hatukumjua. Mzee wetu alikuwa mcheshi kupita kiasi. Picha moja tu ndiyo inamwonyesha alivyo: yuko kwenye migomba, kaegemea fimbo, anaongea na mbuzi wake, kicheko kimefika mpaka machoni. Mume wangu aliipiga akiwa barazani, kwa ile kamera ya zamani, zumu imevutwa karibu yote. Mzee hakujua kabisa.

Alipofariki, ndugu wakaomba picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Tuliyokuwa nayo ya kufaa ilikuwa hiyo hiyo. Watu walikuwa wanaiangalia, wanatabasamu huku machozi yanatoka.

"Mama bado yupo," mume wangu aliniambia usiku ule tulipokuwa tunajadili kamera. "Na yeye ukimsogelea na simu anakaza uso vilevile."

Hapo nikaelewa. Simu inakutaka umsogelee mtu. Kamera ya kuvuta inakuacha ukae mbali, mtu abaki mwenyewe.

Msinielewe vibaya, simu zimejitahidi sana. Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 ina lenzi ya mara 10 inayofika sawa na milimita 230. iPhone 15 Pro Max ya mwaka huo huo ilifika milimita 120. Lakini hizo ni simu za bei ya juu kabisa. Simu nyingi tulizonazo hazina lenzi ya kuvuta hata moja. Ukikuza picha kwa vidole, simu inakata tu kipande cha katikati na kukipanua, na uso wa mtu unatoka kama umechorwa kwa sabuni.

UPANDE WENU, UPANDE WETU

Tukakubaliana kununua. Tulikuwa na kibubu cha pamoja, tulichotenga kwa ajili ya vitu vya nyumba visivyo vya lazima. Sa ndo ugomvi ukaanza.

Mume wangu alitaka zumu ndefu kuliko zote. Aliona matangazo ya mara 30, mara 40, macho yakamwaka. Mimi nilikuwa na hoja yangu. Shughuli za upande wetu ni za usiku: send-off, kitchen party, harusi za ukumbini, taa za bluu na zambarau, watu wanacheza. Ile kamera ya zamani ilikuwa inatoa picha za ukumbini zenye ukungu na chenga, na ukiwasha flashi kila mtu anang'aa paji la uso kama amepakwa mafuta ya nazi. Kwa hiyo kwenye albamu yetu, wakwe wamejaa, tena kwa jua zuri la mchana. Mama yangu na dada zangu ni vivuli tu.

"Baba, hii kamera ni ya mlimani tu, au na sisi wa ukumbini tumo?" nilimuuliza. Alicheka, lakini ujumbe ulifika.

Dada mmoja mpiga picha za harusi ndiye aliyetupa dawa, na nawapa bure: msianze na duka, anzeni na picha zenu wenyewe.

KAZI YA NYUMBANI

Jumamosi moja, mtoto kalala, tukafungua kompyuta yenye picha zetu zote. Kila mmoja akachagua 50 anazozipenda kuliko zote. Jumla 100. Halafu tukaangalia taarifa zilizofichwa ndani ya kila picha. Bofya kulia kwenye faili, nenda kwenye sifa zake, utaona saa iliyopigwa, kasi ya kufyatua, na urefu wa lenzi kwa milimita.

Angalizo hapa: kamera ndogo nyingi zinaandika urefu halisi wa lenzi, namba ndogo kama 5 au 45. Namba za matangazo, kama 250 au 720, ni za kulinganisha na kamera za filamu ya milimita 35. Kwa kamera ndogo nyingi za mfukoni, ambazo zina sensa ya inchi 1/2.3, zidisha namba halisi kwa 5.6 upate ya matangazo.

Tulichokikuta kilitushangaza wote wawili. Picha nyingi tulizozipenda zilipigwa lenzi ikiwa imefunguliwa pana, watu wako mezani au sebuleni, na nyingi zilikuwa za jioni au ndani ya nyumba. Hoja yangu hiyo. Lakini kundi la pili kwa wingi lilikuwa la nyuso zilizovutwa kutoka mbali, na humo ndimo zilimokuwa zile zilizotutoa machozi. Hoja yake hiyo. Picha ya mzee na mbuzi? Ilisomeka 45. Zidisha kwa 5.6, unapata kama milimita 250.

Milimita 250! Hakuna aliyehitaji 960. Mume wangu alikaa kimya, akasema, "Kumbe." Mimi pia nilikiona: bila kuvuta kabisa, zile picha tunazozipenda wote wawili zisingekuwepo.

Naomba wanandoa mfanye zoezi hili hata kama hamnunui kitu. Saa mbili tulizokaa pale zilituleta karibu kuliko chakula cha jioni cha hotelini.

MARA 40 YA NINI?

Sasa tuingie kwenye namba zenyewe, maana ndizo wauzaji wanazozitumia.

Namba ya "mara" haisemi kamera inaona mbali kiasi gani. Inasema tu urefu wa mwisho wa lenzi ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo. Lenzi ya milimita 24 hadi 960 ni mara 40, kwa sababu 960 gawanya kwa 24 ni 40. Lenzi ya 24 hadi 200 ni kama mara 8, na lenzi ya 40 hadi 200 ni mara 5, lakini zote mbili zinafika mbali sawasawa. Kwa hiyo usiulize "mara ngapi?" Uliza "inaanzia milimita ngapi, inaishia ngapi?" Namba ya mwanzo ikiwa ndogo, mfano 24, unaingiza ukoo mzima kwenye picha bila kurudi nyuma mpaka ukutani. Namba ya mwisho ndiyo inayofikia mbali.

Na ukiona maneno "zumu ya dijitali", yapuuze. Huko ni kukata na kupanua tu, kama simu.

Kuvuta mbali nako kuna gharama zake. Kwanza mkono: kwenye milimita 960 hata pumzi yako inatikisa picha, kwa hiyo kamera lazima iwe na kizuia mtikisiko ndani ya lenzi, na bado utatafuta mahali pa kuegemea. Pili hewa: saa saba mchana mbugani, joto linapanda kutoka ardhini na kila kitu cha mbali kinacheza-cheza kama kiko chini ya maji. Hakuna kamera inayoondoa hilo. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwanga.

SENSA, SI ILE YA KUHESABU WATU

Ndani ya kila kamera kuna kibati kidogo kinachopokea mwanga. Kinaitwa sensa. Kwenye kamera nyingi za mfukoni zenye zumu ndefu, kibati hicho ni cha inchi 1/2.3, yaani kama milimita 6.2 kwa 4.6. Ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, au pungufu. Kuna kundi jingine la kamera za mfukoni zenye sensa ya inchi 1, ambayo ni milimita 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu: eneo lake ni mara nne ya ile ndogo. Ni kama ndoo na sinia kwenye mvua. Chenye mdomo mpana kinakinga maji mengi, na mwanga mwingi ndio unaoondoa zile chenga za ukumbini.

Sony ndiyo iliyofungua mlango mwaka 2012 kwa kuleta RX100, sensa ya inchi 1 ndani ya kamera inayoingia mfukoni. Megapikseli hazisaidii hapa. Kamera mbili zinaweza kuwa na 20 zote, lakini yenye sensa kubwa ikakushinda kabisa gizani.

Cha pili ni ile namba ya f iliyoandikwa kwenye lenzi, ambayo inaeleza tundu la kupitishia mwanga. Namba ndogo, tundu kubwa. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Sasa soma lenzi ya mara 40 ya Canon SX740 HS: f/3.3 ukiwa hujavuta, f/6.9 ukivuta mpaka mwisho. Maana yake ukivuta yote, mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara nne. Mchana wa jua kali hutaona shida. Jioni ukumbini, utaona.

Kwa nini basi wasitengeneze yenye vyote? Kwa sababu sensa kubwa inataka lenzi kubwa. Ukitaka sensa ya inchi 1 na milimita 960, hiyo kamera haitaingia mfukoni, itabebwa na mpagazi. Mfukoni kuna mambo matatu: kufika mbali, kuona gizani, na bei. Utapata mawili vizuri, la tatu utalipigia magoti.

WAGOMBEA WETU

Tuligawanya meza yetu katika makundi matatu. Bei ninazotaja ni za Marekani siku zilipozinduliwa, ili mpate picha ya daraja lake. Madukani kwetu bei ni nyingine.

Kundi la safari. Humu kuna Canon PowerShot SX740 HS ya mwaka 2018, milimita 24 hadi 960, gramu 299 tu, iliyozinduliwa kwa dola 400. Skrini yake inageuka kwa selfi, lakini haina kijidirisha cha kuchungulia kwa jicho, na kwenye jua la saa sita skrini yoyote inafifia. Panasonic Lumix TZ99 ya mwaka 2025 inafika milimita 720 na inachajiwa kwa waya wa USB-C. Nayo haina kijidirisha. Sony HX99 ya mwaka 2018 inafika 720 pia, na kijidirisha chake kinachomoka kutoka ndani. Kama ninyi ni watu wa Mikumi, Ruaha na ndege wa porini, kundi lenu ni hili.

Kundi la ukumbi. Canon G7 X Mark III niliyoitaja, sensa ya inchi 1, f/1.8 hadi 2.8, dola 750. Inaona gizani vizuri sana, lakini inaishia milimita 100. Kumwona bibi kwenye migomba, sahau.

Kundi la katikati. Sony RX100 VII ya mwaka 2019: sensa ya inchi 1, milimita 24 hadi 200, f/2.8 hadi 4.5. Kamera safi, dola 1,200, yaani kodi ya nyumba. Panasonic Lumix TZ200 ya mwaka 2018: sensa hiyo hiyo, inafika milimita 360, lakini inaanzia f/3.3, dola 800. Na kaka yake, TZ100 ya mwaka 2016: milimita 25 hadi 250, inaanzia f/2.8, ina kijidirisha, dola 700 ilipokuwa mpya. Ukienda Marekani hizi za Panasonic zinaitwa ZS, msichanganyikiwe.

Milimita 250. Mliiona?

Mume wangu alisita kidogo. "Lakini ile ya zamani ilifika 280. Tunarudi nyuma?" Nikamfanyia hesabu kwenye kitambaa cha mezani. TZ100 ina megapikseli 20. Ukikata kipande cha katikati ili picha ifanane na ya milimita 280, unabaki na kama megapikseli 16. Kamera ya zamani ilikuwa na 10 kwa jumla. Na kwa upande wangu, ikiwa imefunguliwa pana, sensa kubwa na lenzi ya f/2.8 zikiungana zinakinga mwanga zaidi ya mara tano kuliko zile za mara 40. Kila mmoja alitoa kidogo, kila mmoja akapata.

DUKANI: MACHO NA MASIKIO

Tukaingia Kariakoo. Muuzaji wa kwanza, kijana mchangamfu, akanishikisha ya mara 40. "Dada yangu, na hii uko Kivukoni, unampiga mtu yuko Kigamboni unamhesabia kope!" Nikamwambia, "Kaka, mimi wa kwangu nitakuwa naye meza moja." Akacheka, akatuelekeza kwa jirani yake mwenye kamera zilizotumika.

Ukinunua iliyotumika, na kwa kamera za namna hii mara nyingi utanunua iliyotumika, fanya haya kabla hela haijatoka mkobani:

Washa na uzime mara kumi. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza. Sogeza sikio. Sauti ya mchanga ni sauti ya hasara.

Vuta zumu mpaka mwisho, piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu, halafu ikuze kwenye skrini. Madoa meusi yanayobaki palepale kila picha ni vumbi juu ya sensa. Lenzi za kuchomoka zinavuta hewa kila zinapotoka, na hewa inakuja na vumbi lake.

Mulika lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, rafiki mkubwa wa unyevu wa Pwani. Rudisha, shukuru, ondoka.

Ingia kwenye menyu ya lugha. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani pekee zinakuja na Kijapani tu, na mara nyingi hakuna kubadilisha.

Piga picha ukiwa gizani, chini ya kaunta, kisha ya mtu aliye upande wa pili wa barabara, kwa ruhusa yake. Rekodi na video ya dakika mbili uone kama inapata moto.

Uliza chaja. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kamera mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima zichajiwe kwa USB-C. Za kabla ya hapo, kama hii yetu, zina waya wa zamani. Si tatizo, ila hakikisha waya upo na betri ya pili inapatikana.

Kadi ya kumbukumbu nunua kwa muuzaji unayemwamini, halafu ijaze yote siku ya kwanza na uzifungue picha zote. Kadi feki inajisifu kuwa na GB 128, kumbe ukipita 8 inameza picha zako kimya kimya. Usiisubiri ikuumbue siku ya harusi.

Na dai risiti. Hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Ile TZ100 ilipita mitihani yote isipokuwa mikwaruzo miwili ya nje, ambayo mume wangu aliitumia kushusha bei. Chenji ikatosha betri ya akiba, kadi, na chipsi kuku za watu wawili.

MNUNUE VIPI BILA KUGOMBANA

Wataalamu wa mahusiano wana mengi ya kusema kuhusu hela ndani ya ndoa. Mimi nasema kwa niliyoyaona: kitu cha pamoja kikichaguliwa na mmoja, kitabebwa na mmoja. Nyumba ngapi zina kamera ya "baba" inayolala kabatini, kwa sababu mama hakuulizwa na wala hajui kuiwasha? Kila mmoja aseme ni picha gani anaogopa kuikosa. Usiseme namba, sema picha. "Nataka mara 40" ni hoja ya kubishana. "Nataka mama yangu acheke kwenye picha" haina wa kuibishia.

Mkishanunua, kila mmoja ajifunze vitu vitatu tu: kuvuta, kuzima flashi, na kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Yanatosha kwa mwezi wa kwanza.

Itunzeni. Ufukweni, mchanga na chumvi ni sumu ya lenzi ya kuchomoka, kwa hiyo ikae kwenye mfuko wa zipu mpaka mnapohitaji. Nyumbani iwekeni kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Na nyie mnaojua kuvuta, muwe na adabu. Kumpiga baba yako akiwa kwenye migomba yake ni mapenzi. Kumpiga mama wa watu Mji Mkongwe akiwa uani kwake, bila yeye kujua, ni wizi. Mtu usiyemjua, muombe.

Tulipanda Upareni sikukuu iliyofuata. Mama mkwe alikuwa jikoni kwake nje, anachambua maharage na wajukuu, wanamtania kuhusu meno. Mume wangu alikaa palepale barazani, kwenye kiti cha baba yake. Mimi nilikuwa nayo wiki mbili kabla, kwenye kitchen party ya binamu yangu, na kwa mara ya kwanza mama yangu ameonekana akicheza, uso wake wote, rangi ya gauni lake yote, bila flashi. Picha hizo mbili tumezisafisha kwa ukubwa mmoja na zinakaa ukuta mmoja sebuleni, bibi wa huku na bibi wa huku. Wageni wanaulizia tulitumia kamera gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni ya mara ngapi.

Kwa hiyo kama kamera yenu ya zamani imeanza kukohoa, msikimbilie tangazo. Fungueni picha zenu, chagueni zile 50 kwa 50, someni milimita zenu, mjue mnachokipenda kinakaa wapi: mbali, gizani, au mezani. Kisha nendeni dukani mkiwa wawili. Na mkishapiga, safisheni angalau moja kila mwezi muitundike, maana picha iliyobaki kwenye kadi bado haijamfikia mtu.